Ndoa ya Othello na Desdemona

Msomaji, ukiusoma mchezo wa Othello, ulioandikwa na Shakespeare na kuchezwa mbele ya Mfalme James wa Uingereza mwaka 1604, usikimbilie mkasa wa kitambaa. Mtazame kwanza Brabantio, babake Desdemona. Mzee huyu alizoea kumkaribisha Othello nyumbani kwake na kumwuliza habari za vita na safari zake. Mgeni mweusi barazani hakumchukiza hata kidogo. Lakini aliposikia kuwa mgeni yule amemwoa binti yake kwa siri, alipiga kelele kwamba msichana amerogwa, kwani hakusadiki kuwa mwanamke mweupe angempenda mtu mweusi kwa hiari yake.

Shauri lilifikishwa mbele ya wakuu wa Venice. Desdemona mwenyewe akakiri kuwa amempenda mumewe, na Othello akaachiliwa. Lakini angalia: usiku ule ule merikebu za Waturuki zilikuwa zikielekea kisiwa cha Kipro, na jemadari wa kuwazuia alikuwa ni yeye. Kama kusingalikuwa na vita, je, hukumu ingalikuwa ile ile? Mimi nina shaka.

Iago hakuwa na haja ya kubuni sumu mpya. Alimnong'oneza Othello yale yale ya Brabantio: kwamba mke aliyemdanganya baba atamdanganya na mume, na kwamba kumpenda mtu wa rangi nyingine ni kinyume cha maumbile. Othello akayasadiki, akamwua mkewe. Brabantio hakuyaona hayo. Huzuni ya ndoa ile ilikuwa imekwisha kumwua.