Kunakili au Kufungamanisha: Historia Fupi ya grep

Wasomaji wetu wengi wanaifahamu grep, ile programu ndogo ya kutafuta maneno ambayo huendeshwa kwa kuandika amri. Ken Thompson aliiandika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo mwalimu anayetaka kuona "ambaye" limetumikaje katika matini zake hahitaji kununua kitu kingine.

Kilichozua ubishi ni namna ya kuifikia faili. Njia kongwe ni kusoma: programu huomba kipande, mfumo hukinakili kwenye kumbukumbu, kisha kingine. Njia ya pili, iliyobuniwa wakati wa 4.2BSD (1983) na kutekelezwa katika SunOS 4.0 (1988), hufungamanisha faili na kumbukumbu, programu ikaiona kana kwamba imo humo tayari. Ni kama kunakili kitabu daftarini, au kukisomea mezani kwa mkutubi. Mezani ni haraka, ila mwenye kitabu akija kukichukua huna lako.

Mimi nilifunzwa hilo karibu na Kiyeyi, Tororo, mwaka 2008. Mwanafunzi wangu wa uzamili alikuwa na matini za magazeti kwenye flashi. Kwa kujigamba nikamwekea chaguo la --mmap. Katikati ya kazi mtu akaichomoa flashi akidhani ni yake. Programu ikafa papo hapo, ikiacha maneno mawili ya Kiingereza ambayo mwanafunzi aliyatafsiri "hitilafu ya basi". Akaniuliza, "Mwalimu, basi gani, la Busia?" (Basi hapa ni njia ya data ndani ya kompyuta, wanaistilahi, kazi kwenu.) Tulicheka, lakini mistari ya mwisho ya matokeo ilikuwa imepotea, wala hatukujua ni faili ipi iliyokatika. Kwa kusoma, grep ingeitaja kwa jina.

Mwongozo wake ulikuwa umetahadharisha: faili ikipungua wakati wa kutafuta, programu yaweza kuanguka. Mwaka 2010 watunzaji wa grep ya GNU waliiacha njia hiyo, ingawa mwaka huohuo Mike Haertel, mwandishi wake wa kwanza, alisema bado yaweza kuongeza kasi kwa zaidi ya asilimia 20. Nawaunga mkono watunzaji. ripgrep ya Andrew Gallant (2016) imegawanya: faili moja hufungamanishwa, folda nzima husomwa.

Mwanafunzi yule alirudia kazi jioni, faili zikiwa zimenakiliwa kwanza kwenye diski ya kompyuta. Umeme ulitusubiri hadi faili ya mwisho.