Vasari na Tatizo la Kuigawa Sanaa ya Ulaya: Kutoka Zama za Kati hadi Mwamko

Aghalabu sanaa ya Ulaya husimuliwa kama ukuaji wa mtoto: katika Zama za Kati anatambaa, Giotto anampigisha hatua za kwanza, naye Michelangelo ndiye utu uzima wenyewe. Wahakiki wanaoirudia taswira hii hawakuibuni. Ni ya Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo aliyechapisha wasifu wa wasanii wa Italia mjini Firenze mwaka 1550, kisha akaupanua mwaka 1568. Vasari aliigawa kazi yake katika sehemu tatu, kila moja ikiwa rika la sanaa, na dhana ya kuzaliwa upya aliitumia yeye mwenyewe. Kilichotangulia kuzaliwa huko, hasa mtindo wa Kibizanti aliouita wa Kigiriki, alikihesabu kuwa ni uzembe wa mkono usiojua kuchora.

Si kwamba hoja yake haina mashiko. Katika jumba la Uffizi mna picha mbili za Bikira Maria akiwa amekalia kiti cha enzi: ya Cimabue, iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 13, na ya Giotto, ya miaka ya mwanzo ya karne ya 14. Mikunjo ya vazi la Maria wa Cimabue imetiwa nyuzi za dhahabu, na malaika wake wamepangwa mmoja juu ya mwingine kana kwamba hawana pa kukanyaga. Maria wa Giotto ana uzito. Magoti yake yanajitokeza chini ya vazi, na kiti kimemzunguka kama chumba. Hata hivyo, mandharinyuma ya picha zote mbili ni dhahabu tupu. Huyo anayedaiwa kuivunja kaida hakuona haja ya kuiacha.

Dhahabu hiyo ndiyo kiini cha suala. Mchoraji wa Zama za Kati hakuipaka kwa sababu alishindwa kuchora mbingu. Aliipaka kwa sababu watakatifu hawakuwa mahali popote duniani, na mwanga wa mishumaa ya altare ulipoigusa, picha ilimeremeta mbele ya mwenye kusali. Ulikuwa uteuzi wa kimtindo uliotokana na itikadi. Kuuita upungufu ni kuihukumu kazi kwa kanuni ambazo mtunzi wake hakuzikusudia.

Giotto huyohuyo alitumia buluu katika kanisa dogo la Scrovegni mjini Padua, lililowekwa wakfu mwaka 1305. Katika onyesho la maombolezo ya Kristo, watu wawili wameketi wakiipa hadhira migongo. Nyuso zao hazionekani, ila huzuni inasomeka katika mabega. Aliyegharimia kazi hiyo alikuwa Enrico Scrovegni, na wasomi humtambua babake, Reginaldo, kuwa miongoni mwa wala riba ambao Dante amewatia motoni. Mtindo mpya, basi, uliingia kanisani kwa fedha za wafanyabiashara, jambo ambalo taswira ya mtoto anayekua haiwezi kulieleza.

Tauni ya mwaka 1348 ilipita, na kizazi cha karne ya 15 kikaja na nadharia yake. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliwashauri wachoraji wauonyeshe mng'ao wa dhahabu kwa rangi, wala wasiibandike dhahabu yenyewe, kwani sifa kubwa zaidi iko katika ustadi. Hapa ndipo thamani inapoanza kuhama kutoka katika mali na kwenda katika mkono wa fundi. Haikuhama yote: mkataba wa Domenico Ghirlandaio wa mwaka 1485 bado unadai buluu ya takriban florini nne kwa aunsi, rangi iliyosagwa kutokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Na kaskazini, Jan van Eyck, aliyeikamilisha altare ya Ghent mwaka 1432, alifikia uhalisia wa kustaajabisha kwa rangi ya mafuta, bila kuifuata njia ya Firenze.

Mnamo 1427 hivi, Masaccio alichora Utatu Mtakatifu katika ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella. Mistari ya dari yake yote huelekea kwenye nukta moja, karibu na usawa wa macho ya mtazamaji, hata ukuta ukaonekana umetobolewa. Vasari aliisifu sana kazi hiyo. Kisha, alipopewa jukumu la kulikarabati kanisa, yeye mwenyewe mnamo 1570 alijenga altare mbele yake na kuweka hapo picha aliyoichora kwa mkono wake. Utatu wa Masaccio ulibaki gizani hadi miaka ya 1860. Sehemu yake ya chini, yenye kiunzi cha mifupa ya maiti, iliunganishwa tena na ya juu katika miaka ya mwanzo ya 1950.