Kibaba Kimoja, Ndimi Nyingi

Atokaye Buzuruga kwa barabara ya Musoma hufika Kisesa, na karibu yake Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma. Humo mna ngoma na viti vya watemi. Lugha iliyovipa vitu hivyo majina haimo katika mtaala wa mtoto wa hapa.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania Bara. Wema wake haubezwi. Mwalimu wa Mtwara aliweza kufundisha Mwanza, na mtoto wa Ukerewe akafanya mtihani uleule wa mwenzake wa Tanga. Nami, nilaye jasho la kutunga na kutafsiri, nisingekuwapo bila uamuzi huo.

Lakini gharama nayo ilikuwapo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kuichapa. Kitabu kisicho na darasa ni nadra kupata soko. Mzee akaketi, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Sisi wa Kiswahili tulipata hazina. Mkerewe, je, alipata nini kwa lugha yake?

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya bara tu. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita cha Muyaka na Kiamu cha watenzi wakongwe vilishushwa darasani vikawa lahaja tu. Kibaba kilichotupima sisi kiliwapima ninyi kwanza.

Na je, kipimo kimoja huleta elimu? Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwaka 2013 Serikali iliyafuta matokeo na kuyapanga upya; baadhi ya waliofeli wakawa wamefaulu. Alama zilipanda, ilhali yaliyomo vichwani yalibaki yaleyale.

Sisemi kibaba kivunjwe. Kibaba hupima mtama vizuri. Sato hapimwi kwa kibaba. Naomba saa moja tu kwa juma, mwalimu wa Buzuruga aruhusiwe kumwita bibi mmoja wa mtaani, awasimulie watoto hadithi kwa Kisukuma, nao waiandike kwa Kiswahili. Ndivyo alivyofanya Kitereza, bila mtaala wowote.