Mahali Alikozaliwa Babu: Uzawa, Ushahidi na Haki ya Kuingia Nchi kwa Mtazamo wa Namasakata, Mkoa wa Ruvuma

1.0 Utangulizi

Mswahili akitaka kusema kwao ni wapi, hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake. Kauli hiyo ni fupi, lakini imebeba utaratibu mzima wa ushahidi: yuko mkunga aliyekata kitovu, yuko bibi aliyekizika, na wako majirani waliosikia kilio cha mtoto. Sheria za uhamiaji na uraia huuliza swali hilo hilo la mahali pa kuzaliwa, tena hulirudisha nyuma hadi kwa babu na bibi. Jibu zinalolitaka, hata hivyo, ni la namna nyingine. Zinataka cheti.

Insha hii inachunguza historia ya kigezo cha mahali alikozaliwa babu au bibi kama msingi wa kupata viza, uraia au hadhi ya ukaazi. Mahali pa kutazamia ni Namasakata, kata ya Wilaya ya Tunduru katika mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni Songea. Wilaya hiyo inapakana na Msumbiji kwenye Mto Ruvuma. Hoja inayojengwa ni kwamba kigezo cha babu, ingawa huonekana kuwa kanuni isiyopendelea upande wowote, kina historia yake, na sehemu muhimu ya historia hiyo ni ya Afrika Mashariki. Kilitungwa na dola lenye daftari la vizazi, nacho huwaelemea zaidi watu ambao kumbukumbu zao za vizazi hazikuandikwa.

2.0 Chimbuko la kigezo: kutoka Nairobi hadi London, 1963–1973

Uingereza leo hutoa viza ya nasaba kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye umri wa miaka 17 au zaidi, ambao babu au bibi yao mmoja alizaliwa Uingereza. Viza hiyo humruhusu mhusika kuishi na kufanya kazi kwa miaka 5, kisha aweze kuomba ukaazi wa kudumu. Mwombaji hutakiwa kuonyesha cheti chake kamili cha kuzaliwa, cha mzazi wake, na cha babu au bibi anayemtegemea. Kwa kuwa Tanganyika ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 1961 na Msumbiji mwaka 1995, wakazi wa kingo zote mbili za Ruvuma wanaingia katika kundi la wanaoweza kuomba. Kinachowatoa ni babu.

Babu huyo hakuingia katika sheria kwa bahati. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka 2 ya kuomba uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini kwamba zingewafungulia mlango wa nchi iliyozitoa. Sheria ya uhamiaji ya Kenya ya mwaka 1967 ilipowabana wasio raia katika ajira na biashara, maelfu walianza kusafiri kwenda Uingereza. Serikali ya huko, Waziri wa Mambo ya Ndani akiwa James Callaghan, iliharakisha muswada ambao ulipita katika Bunge kwa muda wa siku chache tu na kuwa sheria tarehe 1 Machi 1968. Kuanzia hapo, raia wa Uingereza na Makoloni mwenye pasipoti ya Uingereza hakuweza kuingia kwa uhuru isipokuwa yeye mwenyewe, mzazi wake, au babu au bibi yake awe amezaliwa Uingereza, au amepata uraia wake huko kwa kuasiliwa, kuandikishwa au kupewa tajinisi. Wengine waliwekewa vocha, na idadi ya mwanzo ilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa kaya.

Sheria hiyo haikutaja rangi wala asili. Haikuhitaji kufanya hivyo, kwa sababu mahali alikozaliwa babu palitosha kuwatenganisha wajukuu. Mjukuu wa mlowezi wa Kiingereza aliyezaliwa Nairobi na mjukuu wa fundi wa reli kutoka Punjab, naye aliyezaliwa Nairobi, waliweza kuwa na pasipoti za aina moja. Mmoja akaingia, mwingine akazuiwa. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba kuwabagua watu hao kwa misingi ya rangi kulifikia kiwango cha kuwadhalilisha.

Mkondo wa pili ulifuata katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971. Pendekezo la kuwapa haki ya ukaazi raia wa Jumuiya ya Madola kwa njia ya babu liliondolewa katika muswada huo. Mnamo Novemba 1972 wabunge walizikataa kanuni za utekelezaji, baadhi yao wakilalamika kwamba ndugu zao wa Australia, Kanada na New Zealand wangewekwa nyuma ya raia wa Jumuiya ya Ulaya. Kanuni mpya za Januari 1973 zikamrudisha babu. Hivyo kigezo kilichotumika mwaka 1968 kufunga mlango kilitumika mwaka 1973 kuufungua, na waliokusudiwa kufunguliwa walijulikana.

3.0 Mto Ruvuma na vizazi vya Namasakata

Swali la babu lililoulizwa London lina sura nyingine likiulizwa kando ya Ruvuma. Wayao, ambao ni wenyeji wengi wa Tunduru, husimulia kwamba asili yao ni kilima kiitwacho Yao, kilichoko mashariki ya Ziwa Nyasa katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Masimulizi hayo yaliandikwa na Yohanna Abdallah, kasisi wa Kiyao, katika kitabu chake Chiikala cha Wayao kilichochapishwa mwaka 1919. Kwa mantiki ya mahali pa asili, basi, kila Myao wa Tunduru ana babu wa ng'ambo.

Mto huo haukuwa mpaka wa dola hadi Ujerumani na Ureno zilipokubaliana mwishoni mwa mwaka 1886. Waliokuwa wakivuka kulima, kuoa au kuzika waliendelea kuvuka. Baadaye uvukaji ulichochewa na mambo mazito zaidi. Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati ya kutawala kaskazini mwa Msumbiji mwaka 1891, ilitoza kodi ya vibanda na kuwalazimisha watu kufanya kazi hadi ilipokoma mwaka 1929. Wengi walikimbilia kaskazini. Vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 vilileta wakimbizi wengine, na serikali ya Tanzania ikawapokea katika makazi kama Muhukuru na Lundo kwa upande wa Ruvuma, na Rutamba kwa upande wa Lindi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975 na kuendelea hadi Oktoba 1992 vilileta wimbi jingine.

Familia moja ya eneo hili yaweza kuwa na bibi aliyezaliwa ng'ambo, mama aliyezaliwa Tunduru, na mjomba aliyezaliwa njiani. Mfumo wa ukoo unaongeza ugumu. Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kiini chake ni mbumba, yaani dada na watoto wao walio chini ya uangalizi wa kaka yao. Ukimuuliza mtu wa ukoo huo kuhusu asili yake, jibu lenye uzito hupitia kwa bibi mzaa mama. Sheria za uraia zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinyume chake, kwa muda mrefu ziliupa nguvu upande wa baba pale ambapo uraia ulirithiwa na mtoto aliyezaliwa nje.

4.0 Daftari: nani aliandikwa

Uandikishaji wa vizazi wa kiserikali ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, na Scotland mwaka 1855. Mtu anayetafuta cheti cha babu aliyezaliwa Manchester mwaka 1900 anatafuta karatasi ambayo dola lilijitwika wajibu wa kuitunza. Nchini Tanganyika, sheria ya uandikishaji wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwashurutisha Waafrika kwa ujumla. Ulazima ulipanuliwa hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya, na kwa sehemu kubwa baada ya uhuru. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulianzishwa mwaka 2006. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, mwaka 2008. Bibi aliyezaliwa kando ya Ruvuma mwaka 1925 hakukosa cheti kwa uzembe. Dola lililomtawala halikuona haja ya kumwandika.

Hata jina la mahali halikudumu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu kutoka vitongoji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji. Makazi ya zamani yakawa mahame. Mzee akisema alizaliwa mahali fulani, huenda anataja hame ambalo kwa sasa ni miti ya miembe na makaburi, na ambalo halimo katika orodha ya vijiji anayoishika karani.

5.0 Uhuru na babu aliyefichwa ndani ya sheria, 1961–1995

Sheria ya uraia ya Tanganyika haikumtaja babu waziwazi. Kwa masharti yaliyoanza tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika ambaye siku iliyotangulia alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni, au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, alikuwa raia mara moja, iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Sharti hilo lilikusudiwa kuwahusu zaidi wahamiaji wa karibuni, lakini maneno yake yaligusa pia watu wa mpakani.

Tuseme mwanamke alizaliwa Namasakata mwaka 1950, na wazazi wake wote wawili walizaliwa upande wa Msumbiji kabla ya kuvuka. Kwa maneno ya sheria, yeye hakuwa raia moja kwa moja siku ya uhuru; alipaswa kuomba. Mwanawe aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1970 ni raia kwa kuzaliwa. Lakini mwana huyo anapoomba pasipoti hutakiwa kuonyesha cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi. Na ofisa akitaka kujua kama mzazi huyo alikuwa raia mwaka 1961, hana budi kuuliza alikozaliwa mzazi wa mzazi. Babu ambaye hakuandikwa katika kifungu anajitokeza mezani.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ililigeuza swali hilo kwa walioko nje. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni hurithi uraia kutoka kwa baba au mama, lakini urithi huo hukoma iwapo mzazi mwenyewe ni raia kwa kurithi tu. Mjukuu wa Mtanzania, aliyezaliwa London na mzazi ambaye naye alizaliwa London, si raia, hata kama babu yake amelala katika ardhi ya Tunduru.

6.0 Hadhi maalum: swali linarudi nyumbani

Kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, mjadala wa Watanzania walioko ughaibuni umeelekezwa katika hadhi maalum kwa wasio raia wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo haiwi uraia, ila humrahisishia mhusika kuingia, kuishi na kuwekeza. Msingi wake ni asili, na kuthibitisha asili ni kurudi kwa mzazi, babu na bibi.

Hapa Tanzania inasimama mahali iliposimama Uingereza mwaka 1973, lakini bila daftari la mwaka 1837. Ikidai cheti cha babu, itawapokea wajukuu wa familia za mijini zilizowahi kuandikishwa, na kuwaacha wajukuu wa Namasakata. Jambo linaloitofautisha ni kiapo, ambacho utawala wa Tanzania umekizoea. Kiapo cha mzee anayejua kuzaliwa kwa mtu ndicho daraja kati ya kitovu na cheti, kwa kuwa kinaibeba kumbukumbu ya mdomo na kuiingiza katika jalada. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji mzee aliye hai. Mtu aliyezaliwa mwaka 1925, kama yu hai, ana umri wa miaka 100 hivi, na mashahidi wa kuzaliwa kwake wamekwisha kuzikwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kigezo cha mahali alikozaliwa babu kilipata umbo lake la kisheria nchini Uingereza kutokana na uhamaji wa watu wa Afrika Mashariki, na kwamba mantiki yake ilijificha pia ndani ya sheria ya uraia ya Tanganyika. Katika hali zote mbili, mjukuu huhukumiwa kwa jambo asiloweza kulibadili, na kwa karatasi ambayo utawala ama ulimwandikia babu yake ama haukumwandikia. Kwa watu wa Ruvuma mpaka ulikuja baada ya mababu, na daftari likaja baada ya mpaka.

Kazi inayobaki ni ya wanahistoria kama ilivyo ya wanasheria. Masimulizi ya nasaba kwa upande wa mama, majina ya mahame na mahali pa makaburi ni ushahidi unaoweza kukusanywa, kulinganishwa na kuhifadhiwa kwa utaratibu unaokubalika mbele ya ofisa. Kila mzee anayefariki kabla ya kusikilizwa huondoka na cheti pekee cha kuzaliwa ambacho baadhi ya majirani zake walikuwa nacho.