Mfuko wa Wakfu wa Kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki

Ni amana iliyoasisiwa mwaka 2001 chini ya sheria ya wadhamini, yenye makao makuu Morogoro, ambayo mtaji wake wa dola milioni 7 ulitoka Mfuko wa Mazingira Duniani kwa mkono wa Benki ya Dunia, na ambayo pato lake husaidia, miongoni mwa misitu mingine, ule wa Magamba ulio juu ya Lushoto na ule wa Amani katika Usambara Mashariki. Kama katika wakfu wa kale wa pwani, ambapo shamba la minazi halikuuzwa bali mazao yake ndiyo yaliyotumika msikitini, asili ya mali imekusudiwa isiguswe.

Kuchagua vitega uchumi vya mali ya namna hii kwataka hadhari. Hatifungani huleta riba ya kutabirika (jambo ambalo mweka wakfu wa zamani asingeliridhia), lakini thamani yake huliwa na mfumuko wa bei. Hisa hukua kwa miaka mingi, nazo huweza kuporomoka ghafula kama ilivyodhihirika mwaka 2008. Basi wadhamini huchanganya zote mbili, kwa mizani itegemeayo pato linalohitajiwa kila mwaka. Sheria ya Marekani huzilazimisha taasisi binafsi za hisani kutoa takriban asilimia 5 ya mali zao kila mwaka, kiwango ambacho, kwa rai yetu, ni kizito kwa mfuko mdogo.

Shida nyingine ya mfuko huu ni ya sarafu: mtaji ni wa dola, ilhali miche na mizinga ya nyuki ya vijijini hulipiwa kwa shilingi, hata shilingi inapoimarika uwezo wa mfuko hupungua pasipo wadhamini kukosea lolote.