Barua ya Kazi na Mambo ya Kujuana

Januari 1966, Wangari Muta, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Wangari Maathai, alirudi Nairobi na shahada mbili za biolojia kutoka Marekani. Mkononi alikuwa na barua ya kazi kutoka kwa profesa wa zoolojia wa chuo kikuu. Alipokwenda kuripoti, aliambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kuwa mawili yalimponza: alikuwa mwanamke, na hakuwa wa kabila la profesa.

Tumezoea kulaani kujuana, na sababu tunazo. Lakini kujuana kulikomnyima Wangari kazi ndiko pia kulikomwinua. Mwaka 1960 alikuwa amekwenda kusoma Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Kenya, kupitia mpango uliosukumwa na Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Na baada ya ile barua kukosa thamani, alikutana na Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo. Hofmann alihitaji mtu wa kuandaa tishu za kuchunguzwa kwa hadubini, na Wangari aliijua kazi hiyo. Alimwajiri, kisha akamhimiza kwenda kuendelea na utafiti Ujerumani. Mwaka 1971 Wangari alipata shahada ya uzamivu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, bahati ya kukutana na mtu mmoja mwema si mfumo. Ndani ya chuo, wahadhiri wanawake hawakupata marupurupu sawa na wanaume. Wangari na mwanabiokemia Vertistine Mbaya wakashikana kudai haki hizo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1977, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha kampeni ya kupanda miti, na wanawake wa vijijini wasio na cheti chochote wakawa wataalamu wa vitalu.

Tunapenda kumtaja Wangari kama ushahidi kwamba mwenye bidii hakosi. Mimi huwaza wale wengine waliorudi na barua kama yake, wakafungiwa mlango uleule, na hawakumkuta Hofmann yeyote. Utafiti wao haukufanyika, kwa hiyo hatuna hata cha kuwakumbukia.