Ngano ya Pangoni: Neno katika Michezo ya Kompyuta

Aghalabu mchezo wa kompyuta huhesabiwa kuwa jambo la macho na vidole, na neno halitajwi. Historia hata hivyo inatoa ushahidi mwengine. Adventure, mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa kusimulia kisa, haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu.

Mtunzi wake ni William Crowther, mtaalamu wa programu wa Marekani, mmoja wa waliojenga ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Yeye na mkewe Patricia walikuwa wachunguzi wa mapango ya Kentucky. Patricia alikuwamo katika msafara wa mwaka 1972 uliothibitisha kwamba pango la Mammoth limeungana na mapango ya Flint Ridge. Kisha ndoa yao ikavunjika. Mnamo 1975 na 1976, akiwa na kiu ya binti zake wawili, Crowther aliutunga mchezo huo uwe kiungo baina yake na wao.

Mchezo humweleza mchezaji mahali alipo: njia, nyumba ndogo ya matofali, kijito, kisha pango. Mchezaji huandika neno moja au mawili, mathalani kuchukua taa au kwenda kaskazini, na kisa husonga mbele. Wakaazi wa mwambao watautambua mwendo huo, kwani paukwa haiendelei mpaka pakawa ijibu. Hapa, zaidi ya hayo, jibu la msikilizaji ndilo linaloichagulia hadithi njia.

Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford alimwomba Crowther ruhusa, akauongezea mchezo vyumba, viumbe na mafumbo. Watunzi wengi waliofuata, wakiwemo wa Zork, walichota katika kisima hicho.

Utafiti wa Dennis Jerz uliochapishwa mwaka 2007 uliilinganisha programu ya asili na pango lenyewe, ukaonesha kwamba maelezo ya Crowther yalifuata kwa karibu pango la kweli. Baba aliwapitisha wanawe, kwa maneno, mahali alipopapita kwa miguu yake.

Picha zilikuja baadaye, nyingi na za fahari. Lakini kisa kilichozianzisha njia hizo kilitungwa na mtu aliyewajua wasikilizaji wake kwa majina, na aliyekuwa akilingoja jibu lao.